Mrejesho: viumbe vya porini kwenye mchezo wetu wa dadu

Wakuu, salamu toka Kisumu. Niliuliza hapa nifanyeje, kwenye mchezo wetu wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, safari ya wahusika msituni isigeuke vita juu ya vita kila dadu ikileta kiumbe. Asanteni sana! Nilifuata ule ushauri wa kurusha kwanza dadu mbili za pande sita kupima viumbe wanatupokeaje: 2 wanashambulia papo hapo, 12 wanakuja kirafiki, katikati wanasitasita. Jumamosi mbwamwitu wakatokea, ikaja 7. Wakasimama tu, wanatazama. Mchezaji mmoja akawarushia nyama kavu, wakaidaka wakapotelea vichakani. Meza nzima kelele!

Kuhesabu chakula na maji ya wahusika kila siku ya safari ndiko kulitushinda. Watu walianza kuchungulia simu, nikaachana nako. Aliyependekeza dadu mbili, soda yako ipo.