Nimepangiwa kuitetea Kanada kwenye bili ya rada: nianzie asilimia ngapi?

Mtoro_KahawaWest

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu, uhusiano wa kimataifa, chuo kimoja hapa Nairobi. Alhamisi wiki ijayo tuna zoezi la mazungumzo darasani: watano sisi ni Kanada, watano wengine ni Marekani, na kilichoko mezani ni nani alipe nini kwenye rada za pamoja za kulinda anga la kaskazini. Kila upande uje na karatasi moja tu ya bili.

Kiongozi wa kikundi cha Marekani, jamaa wa Rongai anayependa tai nyekundu, ameshaanza kututisha kwenye grupu. Ametubandikia yale maneno ya Trump ya Mei 2025: Kanada ikitaka kuingia chini ya Kuba la Dhahabu, ule mpango wa Marekani wa kuzuia makombora, ilipe dola bilioni 61, ikikubali kuwa jimbo la 51 isilipe kitu.

Hoja yangu ni nyepesi. Uchumi wa Marekani ni zaidi ya mara kumi ya wetu (nishakuwa Mkanada, nivumilieni), basi tulipe chini ya asilimia 10. Wenzangu wanasema nimepatia. Mhadhiri alipoisikia alicheka tu, akaenda kunywa chai. Hicho kicheko ndicho kimenileta hapa. Nimekosea wapi?

Babu_wa_Buruburu

Kijana, umekosea pale unapopigania kulipa kidogo. Nikuambie ya korti yetu, hizi nyumba zetu za mtaani.

Miaka kadhaa nyuma wezi walituzidi. Tukaitana tuajiri soja wa usiku na tuweke taa kubwa, mulika mwizi yetu wenyewe. Nyumba ya kona kulikuwa na tajiri mwenye magari manne. Akasema msijisumbue wazee, mimi nitalipa mshahara wote na stima ya taa. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilimshika mkono.

Mwezi wa tatu, saa nane usiku, jirani yangu akavunjiwa kioo cha gari, redio ikaenda. Soja alimwona mwizi. Unajua alifanya nini? Alimpigia tajiri, na tajiri alikuwa Mombasa, simu imezimwa. Tulipomuuliza asubuhi alijibu kwa adabu zote: "Niliambiwa nimpigie bosi kwanza." Taa nayo, ukiitazama vizuri, ilikuwa imegeuzwa imulike magari manne.

Mwaka uliofuata tukaamua kulipa nusu. Iliuma, wengine tulikuwa na karo. Lakini tuliandika kwenye karatasi: soja ana namba tatu za simu, yeyote akipokea ndiye huyo, na taa haigeuzwi bila watu wawili kukubali. Na jambo jingine, kibanda cha soja kiliegemezwa kwenye ukuta wangu. Moshi wa jiko lake, redio yake, wageni wake. Nikasema huo ukuta una bei. Walinipunguzia shilingi 500 kwa mwezi. Kanada ni mimi mwenye ukuta.

Fundi_Minara

Babu amenimaliza 😂

Mimi kazi yangu ni kupanda minara ya simu, nikuongezee ya kiufundi. Rada ya kawaida ya ardhini haioni nyuma ya mgongo wa dunia. Antena ikiwa juu mita 25 na ndege ikipita mita 100 kutoka chini, itaionea kama kilomita 60 tu, yaani kutoka mjini kupita Thika kidogo. Ndiyo maana mwenye nia mbaya huja chini chini, na ndiyo maana hutoshelezwi na kituo kimoja kikubwa. Unahitaji mlolongo.

Hofu ya miaka ya 1950 ilikuwa ndege za mabomu za Kisovieti kupitia Ncha ya Kaskazini. Ule mstari wa DEW, mlolongo wa vituo vya rada kaskazini mwa Kanada, ulipita karibu na latitudo ya 69. Kutoka hapo hadi mpaka wa Marekani ni kama kilomita 2,200. Ndege ya kilomita 800 kwa saa inakula karibu saa tatu. Marekani hainunui chuma wala nyaya, inanunua hizo saa tatu, na sehemu kubwa ya safari hiyo iko juu ya ardhi yenu. Ingawa na nyinyi msijifanye hamzitumii, miji yenu mikubwa imejipanga huko huko mpakani.

Sasa angalia walivyolipana. Mstari wa rada wa Pinetree, makubaliano ya 1951, Marekani ilibeba thuluthi mbili na Kanada moja. Kisha Kanada ikaona ijenge wa katikati, Mid-Canada, kwa pesa zake zote. Kufikia 1965 ulikuwa umeshazimwa. DEW ya 1957 Marekani ililipa yote. Kanada ilibaki na umiliki wa ardhi na sharti kwamba kampuni zake zigawiwe kazi, ila pesa na uendeshaji vilitoka kwa jirani. Mwaka 1985 Mulroney, waziri mkuu wa Kanada, na Rais Reagan wa Marekani wakakutana mjini Quebec, wakakubaliana juu ya mlolongo mpya wa rada, North Warning System, kuchukua nafasi ya DEW: Marekani asilimia 60, Kanada 40.

Jiulize hapo. Nchi ambayo uchumi wake haufiki moja ya kumi, na imeshawahi kupewa ya bure, inaketi na kukubali 40. Ukipata jibu la hilo umepata karatasi yako.

Nyuki_Mkali

Yaani sisi tunaandika karatasi za kuikinga Kanada na huku mtaani mulika mwizi imekufa tangu Krismasi. Endeleeni.

BiHesabu_Dar

Nyuki acha vurugu, kijana anasoma.

Mdogo wangu, sisi Bongo ukitamka rada mtu anajibu "chenji". Serikali ilinunua rada kwa BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, pauni milioni 28, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uingereza kwenyewe Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada, aliipinga akisema ni ghali mno kwa nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kutotunza vizuri hesabu zake za biashara ile, na baadaye pauni milioni 29.5 zikarudi, zikanunua vitabu na madawati. Ndiyo chenji ya rada. Kwa hiyo kabla ya kugombana nani alipe 40, muulize huyo wa tai nyekundu: mia yenyewe, yaani bili yote, ni kiasi gani, na muuzaji ni nani? Kama muuzaji ni kampuni za kwao, pesa yake inazunguka na kurudi nyumbani, yako inakwenda moja kwa moja.

Na ukitaka mfano wa kwetu, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kugawana mali kukamalizika 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya kugombea vilivyokwisha kununuliwa! Hii mpya mkataba wake ulianza na michango sawa kwa wote, na kila mwaka unasikia nani hajalipa. Sawa kwa sawa ni rahisi kuandika, kulipa ndiyo kazi.

Mtoro_KahawaWest

Nimewasoma wote. Naona mhadhiri alicheka kwa sababu nilikuwa narudi kwenye DEW bila kujua, kuomba tajiri alipe na taa igeuzwe kwake. Je, ule ukuta wa Babu naweza kuuandikia bei kwenye karatasi, au watanicheka tena?

Fundi_Minara

Uandike, lakini usiandike kodi ya ardhi, hiyo wataiondoa kwa dakika moja maana nchi nayo inalindwa. Andika uchafu. DEW iliacha huko barafuni mapipa, mafuta na kemikali za sumu za PCB zilizokuwa kwenye vifaa vya umeme. Vituo 21 vilisafishwa na wizara ya ulinzi ya Kanada, kazi ya miaka mingi. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kuchangia dola milioni 100, nazo zikiwa za kununulia silaha za Marekani. Umechafuliwa uwanja, unafidiwa kwa vocha ya duka la aliyeuchafua.

Babu_wa_Buruburu

Na namba za simu, usisahau. NORAD, kamandi ya pamoja ya nchi hizo mbili ya kulinda anga, tangu mkataba wa 1958 mkubwa wake ni Mmarekani na msaidizi wake Mkanada. Lakini Februari 2023 kitu kilipopita juu ya Yukon, kaskazini mwa Kanada, Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, ndiye aliyetangaza kwamba ametoa amri kiangushwe, na kilichokiangusha ni F-22 ya Marekani. Ndege ya jirani, anga lako, na amri umeitoa wewe. Hiyo ndiyo ile 40 inanunua.

BiHesabu_Dar

Pia mwonyeshe kwamba unaweza kwenda duka jingine. Machi 2025 Waziri Mkuu Carney wa Kanada alikwenda Iqaluit, mji wa kaskazini huko, akatangaza rada ya kuona ng'ambo ya upeo wa macho, teknolojia ya Australia, dola za Kanada bilioni 6. Huyo wa tai nyekundu akisikia Australia atakunywa maji.

Mtoro_KahawaWest

Mrejesho, maana mlinibeba. Tuliingia na 40 tukiitoa wenyewe kabla hatujaulizwa. Mstari wa pili tukaandika amri juu ya anga letu inatoka kwetu, wa tatu usafishaji ulipwe kwa pesa taslimu kwa uwiano ule ule, wa nne nusu ya kazi za ujenzi na matengenezo ziende kwa kampuni zetu.

40 waliipokea haraka wakitabasamu. Wa nne walikubali baada ya kunong'onezana. Wa tatu jamaa akasema hajui PCB ni nini, tukamweleza. Kwenye wa pili alisimama, akavua tai, akasema hawezi kusaini karatasi inayompa mtu mwingine amri juu ya ndege zake. Dakika zikaisha hapo. Mhadhiri hakucheka safari hii. Tunaendelea Jumanne saa nne, na Babu, naomba unitumie ile karatasi ya korti yenu kama bado unayo.

Babu_wa_Buruburu

Ipo, imebandikwa ndani ya kibanda cha soja. Nitaipiga picha jioni.