Msaada: 33 550 336 ni namba ya aina gani? Jumla ya vigawo inanipiga chenga

Kadutu_Ubao (Bukavu)
Wandugu, jambo. Zoezi la mwaka wa tano, maths-physique: ainisha 33 550 336. Ni tasa, pungufu, tele au kamilifu? Nikijumlisha vigawo napata 67 100 672, kubwa kuliko namba yenyewe, basi nikaandika "tele". Karatasi ya majibu inakataa. Nimekosea wapi?

Mwalimu_Ibanda
Hesabu yako ni sahihi, ndugu. Kilichokosewa ni kulinganisha. Ndani ya ile jumla umeingiza namba yenyewe. Itoe: 67 100 672 − 33 550 336 = 33 550 336. Imerudi ileile, kwa hiyo ni kamilifu. Tele ni pale jumla ya vigawo vyote inapopita mara mbili ya namba.

Halafu usijumlishe kimoja kimoja, utachoka bure. Gawanya kwa 2 mpaka ikatae: 16 775 168, 8 387 584, 4 193 792, 2 096 896, 1 048 448, 524 224, 262 112, 131 056, 65 528, 32 764, 16 382, 8 191. Mara 12. Ziandike zote: ukiruka moja tu utaweka 2^11 na hakuna kitakachokubali tena. Namba ni 2^12 × 8 191, vigawo ni 13 × 2 = 26, jumla yao ni 8 191 × 8 192.

Kadutu_Ubao
Sawa kabisa. Lakini hiyo 8 191 tunajuaje ni tasa?

Tasa_Goma
Kipeuo chake cha pili ni 90 na kidogo, kwa hiyo ungejaribu tasa 24, kuanzia 2 hadi 89. Kuna njia fupi. Kwa kuwa 8 191 = 2^13 − 1, kigawo chake tasa lazima kiwe cha umbo 26k + 1. Chini ya 90 ziko 53 na 79 tu. Tena lazima kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. 53 inabakiza 5, imetoka. Inabaki 79: 79 × 103 = 8 137, baki 54. Kwisha.

Ila mtego huu hapa: 11 nayo ni tasa, lakini 2^11 − 1 = 2 047 = 23 × 89. Chukua 2^10 × 2 047 = 2 096 128. Kwa sura utaapa ni kamilifu. Jumla ya vigawo vyake vyote ni 2 047 × 24 × 90 = 4 421 520, na mara mbili ya namba yenyewe ni 4 192 256. Hiyo ndiyo tele.

Mama_Vipeo
Ongezea: shufwa, ya pembetatu, 1 + 2 + … + 8 191, pia 1³ + 3³ + … + 127³. Kwa mfumo wa mbili ni moja 13 zikifuatwa na sifuri 12. Ni kamilifu ya tano, baada ya 6, 28, 496 na 8 128. Usiandike "kila kamilifu ina umbo hili", yaani 2^(p−1) × (2^p − 1) ambapo 2^p − 1 ni tasa: mwanahisabati Euler alithibitisha kwa shufwa tu. Kamilifu witiri hajaiona mtu, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 28, lakini hiyo ni sadfa, haina alama.

Kadutu_Ubao
Nimegawanya kwa 79, baki ni 54 kweli. Aksanti sana, "tele" nimeifuta.