Ubao wa kuchorea wenye taa: nimnunulie mtoto upi?

Mama Zaituni, Bombo

Asalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka minane, na kalamu haimtoki mkononi. Anachora nyuma ya daftari langu la madeni ya duka, anachora kwenye maboksi ya sabuni, na ukuta wa jikoni una korongo watatu, wale ndege wa bendera yetu ya Uganda, ambao nimekataa wasipakwe rangi. Siku hizi kila asubuhi anabandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, afuatishe mchoro wa jana na kuurekebisha. Jua likizama kazi imekwisha, na moyo wake unaumia.

Juzi nilikwenda Kikuubo, soko la jumla kule Kampala, kuchukua bidhaa, nikaulizia ubao wa kuchorea wenye taa. Duka la kwanza nilionyeshwa kitu cheusi kama simu kubwa, ukichora kwa kijiti mistari inatokea rangi rangi. La pili, plastiki angavu na kalamu za rangi kali, ukiwasha mchoro unang'aa. La tatu, bapa jeupe jembamba lenye waya. Vyote vitatu vinaitwa jina lile lile! Nimetenga shilingi 80,000 na sina za kununulia mara mbili. Nichukue kipi?

Baba Swalehe, Jinja

Wa aleikum salaam, dada. Hicho cheusi ni cha LCD, hakina taa hata kidogo. Mistari inatokea kwa kukandamiza, na ukibonyeza kitufe mchoro wote unafutika, haurudi. Kwa kujifunzia hesabu ni kizuri. Kwa mtoto anayetunza michoro yake, hapana. Wangu alifuta nyumba aliyoichora mchana kutwa, nikamwona anavyouangalia ule ubao mtupu.

Tena hicho kinatumia betri bapa ya mviringo, kama sarafu. Kama nyumbani kuna mdogo wake, tafadhali kuwa macho. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu usikikubali, hata wakikupunguzia bei.

Mzee wa Chapa, Kampala

Mwanangu, chukua lile bapa jeupe. Nilifanya kazi ya uchapaji Nasser Road miaka mingi, tukipanga filamu za kuchapia, zile plastiki zinazopitisha mwanga, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Bapa hilo ni mjukuu wa meza ile. Taa ndogo za LED zimepangwa ukingoni, mwanga unapita ndani ya plastiki na kutokea juu sawasawa, ndiyo maana ni jembamba.

Watu watakwambia kufuatisha kunamlemaza mtoto. Mimi sikubali. Mwambie achore korongo mmoja, aweke karatasi nyingine juu, amchore tena lakini bawa limepanda kidogo. Kisha ya tatu, ya nne. Akifika kumi, azibane pembeni kwa klipu na kuzipeperusha kwa kidole gumba: ndege ataruka. Hapo hanakili cha mtu, anatengeneza mwendo, na bila taa chini ataona wapi bawa la jana liliishia?

Nenda dukani na karatasi yako mwenyewe ya gramu 70 au 80, ile ya fotokopi. Weka mbili juu ya mchoro, uone kama mistari inasomeka. Karatasi nene ya manila haipitishi mwanga wa kutosha. Pima kwa rula sehemu inayowaka, maana karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na wengine wanahesabu hadi fremu. Liwe na kitufe cha kupunguza mwanga, naye achore taa ya chumba ikiwa imewashwa, macho yasichoke.

Mama Zaituni, Bombo

Shikamoo mzee, na ahsante kaka. Huku umeme unakatika mara kwa mara, je, pawabenki italiendesha?

Mzee wa Chapa, Kampala

Marahaba. Kama waya wake ni wa USB wa volti 5, ndiyo. Ila nenda nayo ujaribu papo hapo, uache dakika kadhaa. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo.

Mama Zaituni, Bombo

Nimelipata, na chenji ikatosha rimu ya karatasi. Amefika korongo wa saba. Bawa la kushoto amelifuta mara nne, anasema ndege hawezi kupaa hivyo.