Kijiji cha watu kuwekewa geti na kiingilio: ni halali? (Xijiang, China)

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Guiyang kimasomo. Likizo iliyopita tulikwenda Xijiang, kijiji cha kabila la Wamiao kule Leishan, mkoa wa Guizhou. Kaya zaidi ya elfu moja, nyumba za mbao zimepanda mlima, moja juu ya bega la mwenzake. Getini tukakata tiketi kama tunaingia uwanja wa mpira. Ndani, akina mama wenye mapambo ya fedha kichwani wanaimba na kukunywesha pombe ya mchele kwa pembe. Vituo kumi na viwili, kila kimoja na pembe lake. Naambiwa ndivyo Wamiao wanavyompokea mgeni tangu zamani. Sawa, lakini mgeni wa zamani hakuwa na risiti mfukoni! Nilipofika kituo cha tano nikajiona kituko. Mimi nasema kijiji chenye watu wake hakifai kuwekewa geti. Nipingeni.

Mchangiaji 1: Nakupinga. Kabla ya utalii, vijana wa milima hiyo walikuwa viwandani mkoa wa mbali wa Guangdong na watoto wanalelewa na bibi. Mwaka 2008 mkoa ulifanyia Xijiang mkutano wake wa utalii, mwaka uliofuata tiketi zikaanza. Leo kijana anafungua mgahawa mlangoni kwa mama yake. Tena sehemu ya fedha za kiingilio hugawiwa kaya zenyewe, kwa ajili ya kutunza nyumba. Wewe umeona aibu ya nusu saa, mwenzio sasa anaishi nyumba moja na wanawe.

Mchangiaji 2: Hapo kwenye mgawo ndipo pabaya, ndugu yangu. Nyumba zinapewa alama: umri wake, ujenzi wake, kama sura ya mbao imehifadhiwa. Kwa hiyo aliyerithi jumba la babu anavuna, na aliyejenga tofali kwa sababu aliogopa moto (mbao hizo zikishika, hakuna wa kuzima) anapungukiwa. Na wa kule juu mlimani, ambako mtalii hapandi kununua hata maji? Nyumba yake ndiyo mandhari inayopigwa picha, lakini kodi ya pango anakula jirani wa mtaa wa chini, aliyempangisha duka mfanyabiashara wa kuja.

Mchangiaji 3: Moto umenikumbusha Wengding, kijiji cha kabila la Wawa mkoani Yunnan. Kilitangazwa kuwa ndilo kabila la kale la mwisho China. Kaya nyingi zikahamishiwa kijiji kipya jirani, nyumba za kale zikabaki za kuonyeshwa watalii. Februari 2021 moto ukateketeza karibu kijiji kizima, mapaa ya nyasi yote. Geti halikunisumbua mimi. Kilichonisumbua ni kwamba wenye nyumba wengi walikuwa wamekwishaondoka. Xijiang angalau kuna mtu anayepika ndani.

Mchangiaji 4: Mbona mbali? Boma la Wamasai kule Ngorongoro mtalii hulipa na kuchezewa ngoma ya kuruka, hatujaona uzi humu. Mama anayeimba mara mia kwa siku anafanya kazi, na kazi ina ujira. Mnamtaka aimbe bure ili nyinyi mridhike kwamba ni mila?

Mleta mada: Mchangiaji 4 umenibana, nakiri. Yule mama wa kituo cha tano alikuwa amechoka, nikadhani anatuchoka sisi. Huenda alikuwa anangoja zamu iishe. Geti bado silipendi, ila hasira yangu sasa iko kwenye zile alama za Mchangiaji 2. Kama mandhari ndiyo bidhaa, basi wa juu mlimani ndiye muuzaji mkuu, apewe zaidi.

Mchangiaji 2: Mwambie mwenye duka la chini.

Mchangiaji 5: Nimechelewa, naomba kueleweshwa jambo moja. Kijana wa humo akioa kijiji cha pili, wakwe wakija kuona mjukuu wanakata tiketi? Na wananyweshwa vituo vyote kumi na viwili?