Naomba ushauri: kichefuchefu cha bahari kitanikosesha mkataba wa pili?

Habari zenu wakuu, hasa mliowahi kufanya kazi melini.

Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ndogo ya watalii wa Antaktika, abiria hawafiki 200. Nimemaliza mkataba wa miezi minne na nimeitwa tena. Kazi naipenda. Shida ni Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika: tukitoka Ushuaia, kusini mwa Argentina, tunauvuka kama siku mbili kwenda na mbili kurudi, na kila mara natapika hadi nalegea. Meli ndogo inayumba hata ikiwa na mapezi yake ya kupunguza mrama. Tukifika kwenye barafu natulia kabisa, hadi nasaidia abiria kushuka kwenye boti za mpira.

Nimejaribu tangawizi, biskuti kavu, na kutazama upeo wa macho (anayesugua choo cha abiria atautazama saa ngapi?). Vidonge vya daktari wa meli vinasaidia, ila nasinzia nimeshika ndoo. Wenzangu wanasema nitazoea. Nimeshavuka zaidi ya mara 20, sijaona dalili.

Naomba kujua: kuna aliyezoea msimu wa pili, au aliyetumia kiraka cha dawa ya kichefuchefu cha kubandika nyuma ya sikio akaweza kufanya kazi bila usingizi?

Pili, cheti changu cha afya ya ubaharia kinaisha na lazima nipimwe upya. Nikimweleza daktari ukweli, anaweza kuninyima? Kuficha sitaki, ila kazi nayo naihitaji.

Natakiwa kuwajibu waajiri wangu ndani ya wiki mbili.