MJADALA: Nahodha wa mashua ya abiria alazimishwe kuwa na programu za bahari kwenye simu?

Wakuu, heshima kwenu. Hoja hii naikuta kila bandarini: mashua ya tanga inayobeba abiria au watalii isipewe leseni mpaka nahodha aonyeshe simu janja yenye programu za bahari. Vijana wanaiunga mkono, wazee wanaona wanadharauliwa. Mimi naiunga mkono kwa sharti moja: nahodha asiulizwe anazo ngapi, aulizwe anazisomaje.

Hili nimejifunza kwenye ghuba ya Chwaka, Unguja. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, wakati wa bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana. Nikafungua programu ya maji, ikasema bahari itajaa 13:00, yaani saa 7 mchana. Mzee niliyekuwa naye akatazama ufukwe, akasema, "Mwanangu, hili bamvua. Leo maji yanajaa saa 10." Nikamwonyesha kioo cha simu, akanyamaza. Saa 7 tukaingia, tukagonga fungu la mchanga, usukani ukang'oka. Watu sita tukashuka kwenye maji ya magoti kuishika mashua isilale. Baadaye ndipo nikagundua kuwa programu iliwekwa saa za Greenwich, saa 3 nyuma ya zetu. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, mimi ndiye sikujua kusoma. Na kwenye pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, saa 3 ni bahari nyingine.

Kwangu tatu zinatosha. Ya maji, ukishaihakiki saa zake. Ya upepo, Windy au Windguru. Windy inakuwezesha kulinganisha utabiri wa ECMWF wa Ulaya na GFS wa Marekani, na ukiona hizo mbili zinapingana, subiri taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kabla ya kutweka tanga. Ya tatu ni ramani, kama Navionics, na ipakue nyumbani bando likiwepo. GPS haihitaji mtandao, ramani ndiyo inayohitaji. Usipoipakua utakiona kitone chako peke yake, mwamba huuoni. MarineTraffic siilazimishi. Inaonyesha vyombo vyenye AIS, kifaa kinachotangaza chombo kilipo, na ngalawa ya mvuvi haina, kwa hiyo kioo kikiwa kitupu usidhani na bahari ni tupu.

Mchangiaji, Nungwi: Mleta mada, pole kwa usukani, lakini napinga. Mkondo mkuu wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inausukuma kwa nyuma, mawimbi yanakuwa marefu, chombo kinapanda na kushuka taratibu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inakuja kuukabili uso kwa uso, na hapo mawimbi yanasimama wima, yanafuatana karibukaribu, mashua ndogo haipati nafasi ya kuinua omo, yaani mbele yake. Programu ya upepo itakuandikia kilomita 25 kwa saa siku zote mbili. Tena mkono ukilowa maji ya chumvi, kioo hakisikii kidole. Meli ya abiria Spice Islander ilizama upande huu Septemba 2011, na haikuzama kwa kukosa ramani, ilijazwa watu kupita kiasi. Hela ya simu inunue majaketi na redio ya VHF kwanza.

Mleta mada: Kaka, kwenye majaketi na redio umenishinda, viandikwe juu kabisa ya sharti lolote la simu. La mkondo pia nalichukua, maana mimi nimekulia ndani ya miamba, si nje huko kwenye maji makuu. Lakini usiitupe simu yote. Mzee akisema saa 10 na kioo kikasema saa 7, tofauti hiyo ndiyo ilinipa nafasi ya kusimama na kuuliza, nami nikaipita.

Basi nabadilisha pendekezo langu. Kwenye mtihani wa leseni nahodha apewe simu, hata ya kuazima, aulizwe maji yanajaa saa ngapi. Kisha aifunge, aulizwe mwezi una siku ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Majibu yakipishana, aeleze kwa nini. Yule mzee wa Chwaka angefaulu nusu ya pili bila kufikiri, na nusu ya kwanza ningemfundisha mimi kwa asubuhi moja.

Manahodha wa Mafia, Kilwa na Lamu, huko kwenu mnapita milango ya bahari myembamba kuliko yetu. Programu gani ya maji mmeipima kwa kijiti na saa, mkaiona inasema kweli?