Tupeane uzoefu: masalia ya ranchi za zamani uliyoyakuta ukipanda vilima karibu na Nairobi

Mjukuu wa Mchungaji
Habari zenu. Jumamosi tulikuwa vilima vya upande wa Athi River, tukashika njia ya mbuzi. Nyasini nikajikwaa kwenye saruji. Kufyeka kidogo, naona mfereji mrefu umejaa udongo, mwisho mmoja umekatwa wima, mwisho wa pili una ngazi. Wenzangu walidhani ni tangi la maji. Mimi nililijua papo hapo: josho la kuogeshea ng'ombe.

Babu yangu alichunga ng'ombe wa mlowezi kwenye uwanda huo kabla ya uhuru. Ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye ujia mwembamba wa magogo, wakarukia dawa, wakaogelea, wakapanda ngazi wakitweta. Yote ni kwa ajili ya kupe na ndigana, ugonjwa wanaouleta, iliyokuwa ikimaliza ndama. Aliyesimama ukingoni na gongo lenye panda kuzamisha vichwa alikuwa babu, miguu mitupu.

Kilimambogo tunaonyeshwa kaburi la McMillan, Mmarekani tajiri wa ranchi ya Juja aliyefariki 1925. Sawa, ni historia. Lakini josho hili halina hata kibao, na hapa ndipo wazee wetu walipofanya kazi! Iliniuma sana. Wewe umekuta nini?

Nasieku
Kwetu Ngong hutakuta saruji. Tazama mteremkoni baada ya mvua: palipo na mviringo wa majani mabichi kuliko ya pembeni, palikuwa na boma. Samadi ndiyo inayolisha udongo. Watafiti waliochimba makazi ya wafugaji wa kale Narok wamekuta rutuba hiyo inadumu hata miaka 3,000. Kwa hiyo tusianzie hesabu kwa walowezi, ndugu yangu. Bibi yangu aliyatambua maboma hayo kwa macho tu.

Afisa Mifugo Mstaafu
Vijana, msichimbe hapo. Majosho mengi ya enzi za ukoloni yalitumia aseniki, sumu ya kuua kupe, na aseniki haiozi, inabaki udongoni. Mbuzi wasilishwe karibu, wala msiketi kula.

Mjukuu wa Mchungaji
Asante mzee, tuliketi mbali kidogo, chini ya mgunga. Nasieku, nitakuja Ngong mvua zikianza.

Jana nilimpigia babu. Swali lake la kwanza: ngazi ni ngapi? Nikahesabu kwenye picha, saba. Akasema zilikuwa kumi na moja.